Jina Lililokatwa kwenye Ratiba: Kisa cha Mtandao wa Wanawake wa Unguja

Kisa hiki ni cha mtandao wa vikundi vya wanawake mjini Unguja, na cha msichana wa kazi kutoka bara ambaye jina lake lilikatwa kwenye ratiba siku chache kabla hajasimama kuzungumza. Nakiandika kwa idhini yake na ya mwanamke aliyemsimamia. Mtandao siutaji, wala mtaa, wala ukoo wa mwajiri, maana Unguja ni ndogo na ukitaja mlango umeshataja nyumba nzima. Nilikuwemo kama mwandishi wa kumbukumbu. Mengi ya hapa chini niliyasikia kwa masikio yangu, mengine nimeyatoa kwenye daftari la vikao.

Waliolikata jina hilo ni wanawake wale wale waliokuwa wamewaandikia wafadhili wao wa Ulaya barua nzito kuhusu ubaguzi wa rangi ndani ya harakati za wanawake duniani. Ilikuwa barua ya haki, naiunga mkono hadi leo. Kwa hiyo hapa hatuzungumzii watu wasioujua ubaguzi. Tunazungumzia watu waliouonja, wakaupatia maneno, wakausemea kwa ushujaa, kisha wakamfanyia mtu aliye chini yao. Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo ninalotaka tulitazame kwa macho makavu.

Barua iliyotangulia

Miezi michache kabla ya kisa chenyewe, ofisi ya wafadhili ilileta rasimu ya ripoti kuhusu wanawake wa Zanzibar. Kwenye jalada, mwanamke wa buibui amegeuza mgongo anatazama bahari. Ndani, waliopewa nafasi ya kueleza maisha yetu walikuwa wataalamu wa Kizungu waliokaa hapa kwa muda mfupi. Jasho la miaka mingi la wanawake wa visiwani, ikiwemo kazi iliyochangia hadi Sheria ya Mahkama ya Kadhi ya 2017 ikautambua mchango wa mke katika mali ya ndoa, lilipewa aya moja tu, kana kwamba sheria ilijibadilisha yenyewe usiku watu wamelala.

Mtandao ulijibu. Barua ilikumbusha maandamano ya Washington ya tarehe 3 Machi 1913, wanawake wa Marekani walipodai haki ya kupiga kura. Ida B. Wells, mwandishi wa habari aliyetumia maisha yake kufichua mauaji ya watu weusi, aliambiwa wanawake weusi watembee nyuma ya msafara ili wanawake wa Kizungu wa majimbo ya kusini wasikasirike. Wells alikataa. Alisubiri pembeni, na wenzake wa jimbo la Illinois walipopita akaingia katikati yao. Barua ikauliza: na sisi, mnataka tutembee wapi?

Wafadhili waliomba radhi, ripoti ikaandikwa upya hapa hapa. Siku nakala zilipofika tulipigiana vigelegele ofisini, na vilistahili.

Ratiba

Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia huanza 25 Novemba na kumalizika 10 Disemba, na zimekuwa zikiadhimishwa duniani tangu 1991. Mwaka wa kisa hiki mtandao uliamua siku yake iwe ya wafanyakazi wa majumbani. Kilichousukuma ni wasichana wanaorudi kutoka Oman.

Hakuna mtaa wa Unguja usiokuwa na aliyekwenda. Anatafutiwa viza na wakala, anapanda ndege, anapokelewa Muscat na mtu asiyemjua. Kwa utaratibu wa kafala, ukaazi wake umefungwa kwenye jina la mwajiri: akiondoka nyumba ile bila ruhusa, yeye ndiye mkosaji. Pasipoti inawekwa kabatini kwa tajiri. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wanawake wa Tanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, na ndani yake mna pasipoti zilizochukuliwa, mishahara iliyokatwa au kutolipwa, saa za kazi zisizo na kikomo, vipigo na udhalilishaji. Mtandao ulikuwa na mabinti wawili wa hapa hapa Mjini waliopitia hayo na wakawa tayari kusimama mbele za watu. Ulikuwa uamuzi mkubwa kwao na kwa wazazi wao.

Wa tatu kwenye ratiba ndiye mwenye kisa. Alikuwa na miaka kumi na tisa, ametoka mikoa ya kati ya bara, ameletwa kwa boti kutoka Dar es Salaam na dalali mwanamke, na mishahara ya msichana ya miezi ya mwanzo ilikuwa ikiishia mikononi mwa dalali huyo. Akaingizwa kwenye nyumba ya watu wanaoheshimika. Alikuwa akiamka kabla ya adhana ya alfajiri na kulala baada ya vyombo vya mwisho. Simu yake iliwekwa na mama mwenye nyumba, anapewa Jumapili jioni. Ndugu wa mwenye nyumba alimwingilia kwa nguvu. Aliposema, alifungashiwa nguo zake kwenye kiroba na kutolewa nje siku ile ile, akiambiwa ashukuru hakuitiwa polisi kwa uzushi.

Kilichofuata kinaonesha vizuri hali ya mtu wa bara anapopata shida visiwani. Alipokwenda kushtaki, alihitaji kutambulishwa. Hana kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na hilo halishangazi. Ila hata sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa (shehia), hakumjua. Mgeni anapokuja kukaa kwenye shehia, mwenyeji wake ndiye anayetakiwa kumpeleka akaandikwe, na mwenyeji wake hakufanya hivyo. Mwezi baada ya mwezi alikuwa akifua, akipika na kuogesha watoto ndani ya shehia ambayo kwenye daftari lake hakuwemo. Aliyemtoa hapo ni mama lishe mmoja wa soko la Mwanakwerekwe, naye wa bara, aliyekaa Unguja hadi lafudhi yake imekuwa ya hapa. Alimpa mahali pa kulala, akasimama naye polisi, akamleta kwetu.

Kikao cha kupitisha ratiba kilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, kama vikao vyote. Mwenyekiti alikuwa na karatasi mbele yake na biro nyekundu. Aliisoma kuanzia juu, akafika kwenye jina la tatu, akavua miwani.

“Huyu tumtoe.”

“Kwa nini, Bi Mwenyekiti?” aliuliza mmoja wa vijana.

“Si kwa ubaya, mwanangu. Atakuja amevaa vipi? Watu wa dini watakuwepo.”

“Tutampa buibui.”

“Buibui si nguo tu. Na huyo si mkaazi wa hapa. Mambo yake yanashughulikiwa na watu wa kazi, wana chama chao.” Akanyamaza kidogo. “Na ile nyumba mnaijua. Mtu akisimama pale akasema, hata asipotaja jina, mji mzima utajua. Sisi tutakuwa tumewaleta watu wa kuja wawavunjie heshima wenyeji.”

Mmoja upande wa dirishani akaongeza kwamba machogo wana mambo mengi, leo anasema hivi kesho amepanda boti amekwenda zake. Neno hilo la kuwadharau watu wa bara sote tunalijua linavyotumika. Liliingia kwenye kikao cha watetezi wa wanawake, likapita, na hakuna aliyelizuia. Biro ikapita juu ya jina. Daftari langu linasema: “Mzungumzaji wa tatu ameondolewa ili kubana muda.” Ndivyo nilivyoelekezwa kuandika, na chini yake nikaandika kwamba wajumbe wawili hawakukubaliana na uamuzi.

Buibui

Nianze na hoja ya nguo, kwa sababu ilitolewa ya kwanza na kwa sababu ina historia ambayo wanawake wa Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, hatuna haki ya kuisahau.

Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873. Amri ya kuondoa utumwa visiwani ilitolewa Aprili 1897, wakati wa Sultani Hamoud bin Mohammed, chini ya himaya ya Waingereza. Vitabu vya skuli husimama hapo. Lakini amri ile iliwaacha nje masuria, watumwa wanawake waliowekwa vitandani na mabwana zao. Mwanamke aliyewekwa suria alihesabiwa kama mke, hivyo hakuweza kwenda mahkamani kudai uhuru kama watumwa wengine, isipokuwa athibitishe ukatili. Alingoja hadi 1909. Ilikuwa miaka kumi na mbili ya kuambiwa kwamba jambo lake ni la ndani ya nyumba ya watu, na Waingereza waliojisifu kwa kukomesha utumwa walikubaliana na mabwana wa nyumba kwamba mlango ule usifunguliwe.

Wakati wa utumwa, mtumwa mwanamke hakuruhusiwa kujifunika kama mwanamke muungwana. Alijulikana kwa nguo yake, kaniki au merikani, na kwa mabega na kichwa wazi. Baada ya uhuru, bibi zetu wengi wa Ng'ambo walikimbilia kanga, na baadaye buibui. Kwao lilikuwa tangazo la mwanamke anayepita barabarani: mimi si mali ya mtu. Wapo miongoni mwetu, na baadhi walikaa kwenye kikao kile, ambao bibi wa bibi zao walilivaa vazi hilo kwa mara ya kwanza kwa sababu hiyo. Nguo waliyoitwaa wanawake wenye asili ya utumwa ili wahesabiwe watu haiwezi kugeuzwa mizani ya kumpimia msichana aliyetoka bara kufanya kazi za ndani. Aliyesema “buibui si nguo tu” alisema kweli, na ukweli huo ulipaswa kumpeleka upande wa pili.

Yanayoogopwa

Sitaki kuwafanya wenzangu waonekane watu wa roho mbaya. Ukimya wao juu ya asili una sababu, na sababu hiyo ni nzito.

Katika kikao kile kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, wa familia yenye asili ya ng'ambo ya bahari, ambaye huwa hazungumzi sana. Jina lilipokwisha kukatwa, na yule kijana akataka hoja ya ubara na uzanzibari ijadiliwe waziwazi, mama huyu aliinua mkono. “Wanangu, mambo ya asili msiyafungue. Mie niliyaona yalikotufikisha.” Ukumbi ukatulia. Mwenyekiti akamshukuru, kikao kikaendelea na gharama za maturubai.

Anachokikumbuka tunakijua. Ukoloni ulikuwa umewapanga watu kwa asili hadi kwenye sahani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia hata mgao wa chakula uliangalia wewe ni nani, na mtu alikuwa na sababu ya kutaka kuandikwa Mwarabu badala ya Mwafrika. Kati ya sensa ya 1924 na ya 1931 waliojiita Waswahili walipungua kwa kishindo, wengi wakaandikwa chini ya asili nyingine. Kisha yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, na watu waliuawa kwa asili zao. Na mwaka 1970, mwezi wa Septemba, wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi walilazimishwa kuolewa na wakubwa wa utawala. Hoja iliyotolewa kutetea ndoa zile ilikuwa kwamba zamani Waarabu waliwachukua wanawake wa Kiafrika kuwa masuria.

Natazama mambo haya mawili, 1897 na 1970, na naona kitu kile kile. Mara ya kwanza mwanamke mwenye asili ya Kiafrika aliachwa kwenye kitanda cha bwana ili amani ya nyumba za wakubwa isivurugike. Mara ya pili msichana wa Kiajemi alitolewa kwenye nyumba yao kulipa deni ambalo si yeye aliyelikopa. Aliyelipa ni mwanamke, na aliyepanga malipo ni mwanamume, kwa jina la asili. Kama lipo jambo ambalo harakati za wanawake wa Zanzibar zingeweza kulisema vizuri kuliko harakati nyingine yoyote, ni hili. Lakini tumeligawa. Wenye jeraha la masuria wanalisimulia kwao, wenye jeraha la 1970 wanalisimulia kwao, tena kwa sauti ya chini, milango imefungwa, na tukikutana kwenye mtandao tunazungumzia mikopo na mafunzo ya ujasiriamali.

Kwa hiyo namwelewa mama yule. Namheshimu. Ila ukimya alioutaka haukuwa na uzito sawa kwa wote waliokuwepo na wasiokuwepo. Kwa yeye ulikuwa kinga. Kwa msichana wa bara ulikuwa ndiyo njia yenyewe iliyotumika kumtoa, kwa sababu asili yake ilikuwa imeshajadiliwa, imeshaamuliwa na imeshakatwa kwa biro nyekundu. Kilichokatazwa kujadiliwa ni ule uamuzi.

Wapo walioniambia baadaye kwamba hii si rangi, ni ukaazi. Wabara na sisi sote ni weusi, wanasema. Hoja hii naipinga. Mwanamke wa Kizungu aliyenunua nyumba Paje hana ukaazi wa Kizanzibari vilevile, na alikuwa ameshawahi kualikwa kuzungumza kwenye shughuli za mtandao, kwa heshima zote, kichwa wazi, bila mtu kuuliza buibui. Mabinti wa Kihindi wa Mjini ambao wazee wao walikuja na majahazi hawaulizwi walifika lini. Neno “mtu wa kuja” tunalitumia kwa mtu wa aina moja tu, na aina hiyo tunaitambua kwa uso, kwa nywele na kwa jina la kikristo kabla hajafungua mdomo.

Aliyeanguka katikati

Mwenyekiti alisema mambo ya msichana ni ya watu wa kazi. Nilikwenda kuuliza upande wa watu wa kazi, kwa mtu anayeshughulikia malalamiko ya waajiriwa. Alinisikiliza vizuri. Akasema mishahara iliyozuiwa wanaweza kuidai, lakini hilo la udhalilishaji ni la wanawake, tulipeleke kwenye mitandao ya wanawake.

Mwaka 1976 wanawake weusi watano nchini Marekani walishindwa kesi dhidi ya kampuni ya General Motors. Kampuni ilikuwa imeajiri wanawake, lakini wa Kizungu, kazi za ofisini. Iliajiri watu weusi, lakini wanaume, kazi za kiwandani. Wanawake weusi hawakuajiriwa kabla ya 1964, hivyo walipopunguzwa watu kwa kuangalia nani ameingia mwisho, wao ndio walioondoka. Mahkama ilisema hakuna ubaguzi wa jinsia kwa sababu wanawake wapo, na ikakataa kuwaacha waunganishe madai mawili, ya rangi na ya jinsia, yawe moja. Mwaka 1989 mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliichambua kesi hiyo akaonesha kwamba mtu anaweza kusimama mahali ambapo njia mbili zinakutana, agongwe, na kila upande useme gari halikutoka kwake.

Msichana wetu alisimama hapo hapo. Alibakwa kwa sababu ni mwanamke, na alibakwa ndani ya nyumba ile, na mtu yule, kwa sababu ni msichana wa kazi wa bara ambaye hata sheha hajui kama yupo. Ukivitenganisha vitu hivyo viwili, unabaki na malalamiko mawili madogo ambayo kila ofisi inaweza kuyasukuma kwa jirani.

Kuna jingine, na hili ni la aibu zaidi. Vikao vyetu vilikuwa Jumatano saa nne asubuhi. Wajumbe wengi tuliweza kukaa pale hadi adhuhuri kwa sababu nyumbani kuna anayepika, anayefua na anayemchukua mtoto chekechea. Mwaka 1979, kwenye mkutano wa New York uliowaalika wanawake weusi wachache mno, mshairi Audre Lorde aliwauliza wanawake wa Kizungu waliokuwepo wanafanya nini kuhusu wanawake maskini na wasio Wazungu wanaosafisha nyumba zao na kulea watoto wao wakati wao wako kwenye mikutano ya ukombozi wa mwanamke. Swali hilo lilifaa kutundikwa juu ya mlango wa ukumbi wetu. Wale tuliodai kuwasemea siku ile walikuwa jikoni kwetu, saa ile ile, na kwa mpangilio wa vikao vile wasingeweza kuingia hata wangealikwa.

Siku yenyewe

Shughuli ilifanyika. Mgeni rasmi alifika, kaswida ilisomwa, hotuba zilitolewa. Binti wa kwanza aliyerudi Oman alizungumza, na watu walilia. Wa pili alisimama na kushika maikrofoni. Alikuwa amemjua yule msichana kwenye mazoezi, waliketi pamoja wakifundishana wapi wapumzike wakisimulia. Akasema kwa ufupi sana:

“Mie nilipotoroka kwa tajiri yangu, aliyenificha ni Mkenya, mfanyakazi mwenzangu wa nyumba ya jirani. Chakula alinipa Mganda. Kule hakuna aliyeuliza kama mimi wa Unguja. Kulikuwa na mwenzetu wa tatu hapa leo. Yuko wapi?”

Alirudisha maikrofoni akakaa. Mshereheshaji alipiga makofi peke yake, kisha akaita ngoma.

Mama lishe wa Mwanakwerekwe hakuwepo, lakini jioni habari ilimfikia. Usiku aliacha ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la WhatsApp, naunakili kwa ruhusa yake kwa sababu maneno yake ni bora kuliko uchambuzi wangu: “Shikamooni mama zangu. Mimi sina elimu. Naomba tu mnieleze, huyu mtoto angekuwa amebakwa Muscat, na Mwarabu wa kule, mngemkata? Maana naona Mwarabu wa kule mnamsema. Nyumba ya hapa ndiyo hamuisemi.” Kundi lilikaa kimya hadi asubuhi, kisha mtu akatuma dua ya Ijumaa.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, wasichana wa kazi walikutana karibu na kanisa la Minara Miwili, saa zile chache wanazopewa. Nilikwenda kusikiliza tu. Walikaa kwenye kivuli, wengine na watoto wa matajiri mgongoni kwa sababu hata ile nafasi ya Jumapili ilikuwa imekatwa. Walikuwepo wa bara, na walikuwepo wasichana wa Kipemba na wa shamba, Waislamu, ambao kumbe kwenye nyumba za Mjini nao huitwa majina. Hawakutoa hotuba. Walitaka mambo matatu na wakaniambia niyaandike kama yalivyo: vikao vinavyohusu kazi za ndani vifanyike Jumapili mchana, watu wawili kati yao waingie kwenye kamati wakiwa na kura, na mjumbe yeyote wa mtandao mwenye msichana wa kazi awe amempeleka kwa sheha na kumwandikia mkataba kabla hajapiga kura kwenye jambo lolote.

Yalipofikia

La kwanza lilikubaliwa bila ubishi. La pili lilikubaliwa baada ya vikao viwili vya kuvutana, kwa kiti kimoja badala ya viwili. Aliyekikalia ni mama lishe wa Mwanakwerekwe. Kwenye kikao chake cha kwanza alimwamkia Mwenyekiti “shikamoo, mama”, Mwenyekiti akaitika “marahaba, mwanangu”, na kazi ikaanza. Sitasema zaidi ya hapo kuhusu uhusiano wao. Bi Mwenyekiti amefanya makubwa kwa wanawake wa visiwa hivi na mimi mwenyewe nimejifunza mengi kwake. Alichokifanya Jumatano ile bado ni kibaya.

La tatu limeshindwa kwa kura mbili. Waliolipinga walisema linaingilia nyumba za watu. Hoja hiyo ndiyo iliyowaweka masuria miaka kumi na mbili nje ya sheria, na nitaendelea kuwakumbusha wajumbe kila linaporudi. Linarudi kikao kijacho.

Msichana amerudi kwao. Kesi yake iko mahkama ya udhalilishaji na itahitaji ushahidi wake. Mtandao una fungu la kulipia nauli za mashahidi wanaotoka Pemba kuja Unguja, na limesaidia familia nyingi. Hakuna fungu kwa shahidi anayetoka bara: basi hadi Dar es Salaam, boti, na mahali pa kulala akisubiri kuitwa. Ombi tumeliandika, mimi na mama lishe, tumelikabidhi kwa mhasibu. Mhasibu amejibu kwa maandishi kwamba fedha zipo, lakini anaomba kamati iseme kwanza kama msichana huyu anahesabika miongoni mwa walengwa.